Mchoro unasifiwa, lakini katuni haisemi kitu: jibu kwa mchoraji wa ukurasa wa tahariri

Swali: Kwa muda sasa nimekuwa nikilichorea gazeti katuni za ukurasa wa tahariri. Wasomaji husifu jinsi ninavyopatia sura za viongozi, lakini mhariri wangu kila mara huniuliza, "Sawa, ila inasema nini?" Ili nieleweke huandika majina na maelezo karibu kwenye kila kitu ndani ya mchoro, na bado watu huniuliza nilikuwa na maana gani. Nifanye nini ili katuni zangu ziwe na nguvu? Na je, nikiacha karatasi na kuhamia kwenye kishikwambi, kazi itaimarika?

Jibu: Mhariri wako anauliza swali la haki, ila linakufikia kwa kuchelewa. Linapaswa kujibiwa kabla penseli haijagusa karatasi, nawe unaulizwa wakati wino umekwisha kukauka. Mkono wako hauna kasoro. Mtu anayepatia sura za watu kiasi cha kusifiwa na wasomaji amekwisha kuvuka mahali ambapo wengi hukwama. Kinachopungua ni uamuzi. Katuni ya tahariri huwekwa ukurasa mmoja na maoni ya gazeti kwa sababu yenyewe ni maoni: inapima jambo lililotokea, inasema nani kamtendea nani nini, na inatamka wazi kwamba jambo hilo ni la aibu, la hatari, la kipuuzi au, mara mojamoja, la kupongezwa. Mchoro unaoonyesha tu kwamba waziri fulani alihutubia mkutano na kutoa ahadi ni picha ya habari, hata kama sura ya waziri huyo imepatikana barabara.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao naushikilia kuliko mwingine wote, ni kwamba uandike kabla ya kuchora. Andika sentensi moja kamili yenye mtenda, kitendo na mtendwa, inayosema unachokiamini kuhusu habari ya siku, kisha ujiulize kama kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuipinga. "Ada za maji zimepanda" haipingiki, maana ni habari tupu. "Maisha ni magumu" nayo haipingiki, maana haimgusi yeyote. Lakini "Baraza la mji linawatoza wananchi maji ambayo limeyamwaga lenyewe" inapingika: mwenyekiti wa baraza atakasirika, mhasibu wake ataleta hesabu zake, na msomaji atakuwa na la kuunga mkono au la kukataa. Hiyo ndiyo sentensi ya kuchora. Ukishindwa kuiandika, usijilaumu kwamba huna ubunifu. Mara nyingi ni dalili kwamba habari yenyewe hujaielewa, na dawa yake ni kurudi kuisoma, kumuuliza mwandishi aliyeifuatilia, na kutazama ni nani anayefaidika na nani anayelipa. Wachoraji katuni wazuri ninaowafahamu husoma kuliko wanavyochora.

Tuifuate sentensi hiyo hadi iwe katuni, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tuseme baraza la mji limepandisha ada ya maji huku ripoti yake lenyewe ikikiri kwamba sehemu kubwa ya maji hupotea njiani kwa sababu ya mabomba yaliyopasuka. Wazo la kwanza litakalokujia, na litakalomjia kila mchoraji mwingine asubuhi hiyo hiyo, ni ofisa mnene akimtwisha mwananchi mwembamba gunia lenye maandishi "ADA YA MAJI". Litupe. Gunia hilo lingeweza kuandikwa "KODI", "NAULI" au "KARO" bila kubadilisha hata mstari mmoja wa mchoro, na picha inayoifaa kila habari haiifai habari yoyote. Wazo la pili laweza kuwa bomba linalomwaga sarafu badala ya maji. Hilo ni bora kidogo kwa kuwa bomba limeingia, lakini bado hatumwoni aliyetenda wala aliyetendwa. Fedha zinamwagika kana kwamba ni mvua, bila mkosaji.

Rudi kwenye sentensi: baraza linatoza, baraza limemwaga, wananchi hawana. Vitu vinavyoonekana kwa macho ndani yake ni bili, maji yaliyomwagika na ndoo tupu. Sasa mchore ofisa amesimama mlangoni mwa nyumba, suruali imemlowa hadi magotini, na nyuma yake nyayo za maji zinarudi mpaka kwenye bomba lililopasuka linalorusha maji juu. Anamkabidhi mama bili, na bili hiyo inachuruzika. Mama hanyooshi mkono kuipokea. Ameleta ndoo yake kavu chini ya karatasi, anakinga matone. Hapo katuni imefika. Kitendo kidogo cha mikono ya mama kimebeba hukumu yote, kwamba maji pekee yaliyomfikia ni yale yaliyoiloweka bili, na maneno unayoyahitaji ni matatu tu, "BILI YA MAJI", juu ya karatasi ambayo hata katika maisha ya kawaida ingekuwa na maneno hayo. Ofisa hana haja ya kuandikwa "BARAZA" kifuani, kwa sababu bili imekwisha kumtambulisha. Bomba halihitaji kuandikwa "UZEMBE", kwa sababu linavuja mbele ya macho yetu.

Naamini sasa unaona asili ya tatizo lako la maandishi. Unaandika majina kila mahali kwa sababu picha haijabeba hoja, hivyo unaiomba lebo iibebe. Jaribio lake ni rahisi: funika maneno yote kwa kiganja, umwonyeshe mchoro mtu ambaye hajui ulichokusudia, umwombe akueleze kinachotendeka. Si lazima ataje majina, inatosha aseme, "Huyu anamdai yule kitu ambacho amekimwaga mwenyewe." Akisema hivyo, mifupa ya katuni ipo, na jina moja au mawili yatatosha kuihusisha na habari ya siku. Akisema, "Watu wawili wanaongea," hakuna lebo itakayokuokoa. Neno liruhusu pale ambapo lingekuwepo duniani hata bila wewe: juu ya mlango wa ofisi, ubavuni mwa gari, kwenye jalada, kwenye kichwa cha habari cha gazeti alilolishika mtu. Neno lililobandikwa kwenye tumbo la mtu au mgongoni mwa mnyama ni deni, na kila deni la namna hiyo linapunguza kasi ya jicho.

Maneno ya kwenye kiputo, lile duara la usemi linalotoka kinywani mwa mhusika, nayo yana kazi yake, ila hufanya kazi hiyo vizuri zaidi yanapovutana na picha kuliko yanapoirudia. Mfano ninaoupenda ni katuni ya David Low iliyotoka katika gazeti la Evening Standard la London tarehe 20 Septemba 1939, siku chache baada ya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti kuivamia Poland. Hitler na Stalin wanakutana, kila mmoja amevua kofia na kumwinamia mwenzake kwa adabu zote za mabwana wa heshima. Maneno yanayotoka vinywani mwao ni matusi waliyokuwa wakitupiana kwa miaka, mmoja akimwita mwenzake takataka ya dunia, mwingine akijibu kwa kumwita muuaji wa wafanyakazi. Na kati yao chini amelala maiti. Ukiyaondoa maneno, unabaki na maamkizi juu ya maiti, nayo ni picha ya kutisha inayojitosheleza. Ukiyarudisha, unaelewa kwamba adabu ile ni uongo na kwamba matusi yale hayakuwahi kuwazuia kugawana mawindo. Picha inasema jambo moja, maneno yanasema jingine, na hukumu inazaliwa katikati. Kiputo kinachosema "Nimekasirika!" juu ya uso uliokunjamana hakizai chochote.

Utaniuliza hiyo picha ya mfano inatoka wapi. Inatoka kwenye matendo ambayo kila msomaji amewahi kuyafanya au kuyaona: kula, kubeba, kupanda ngazi, kuvua samaki, kupanga foleni, kufunga mlango, kumpima mtu nguo. Kadiri tendo lilivyo la kawaida, ndivyo msomaji anavyolielewa haraka, na ndivyo nafasi inavyobaki kwa ajili ya hoja. Tarehe 26 Februari 1805 Mwingereza James Gillray alitoa mchoro ambao hadi leo wachoraji huuiga: Waziri Mkuu William Pitt na Napoleon wameketi mezani, mbele yao dunia imepikwa kama andazi kubwa la mviringo, nao wanajikatia. Napoleon, aliyechorwa mfupi, ameinuka kitini ili afikie, na upanga wake unaikata Ulaya. Pitt, mrefu na mwembamba, ametulia, anajikatia bahari, nacho kipande chake ni kikubwa zaidi. Msomaji asiyejua neno moja la diplomasia anajua ulafi ukoje mezani. Lakini tazama pia usahihi wa mchoro huo: mgawanyo wa nchi kavu na bahari ndio uliokuwa mgawanyo halisi wa nguvu za kijeshi za wakati ule. Istiara ya Gillray haikuwa pambo. Ilisema kweli sehemu kwa sehemu. Unapopata istiara, ikague hivyo hivyo. Ukimchora kiongozi kama nahodha wa meli, je, nani ni abiria, meli inakwenda wapi, na nani aliyetoboa tundu? Kama sehemu mbili za istiara hazina kinachozilingana katika habari, umechagua istiara isiyokuwa yake.

Jihadhari na picha zilizochoka. Meli inayozama, mizani ya haki, fahali wawili wanaopigana juu ya majani, mwanasiasa mwenye nyuso mbili: hizi zimetumika kiasi kwamba jicho la msomaji linazipita bila kusimama. Sisemi usizitumie kamwe, lakini ukiitumia mojawapo ni lazima uiongezee kitu kisichotarajiwa, tena kitokacho kwenye habari yenyewe. Njia ninayowashauri wanafunzi ni kuchora michoro midogo ya haraka, kila mmoja usiozidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, saba au minane kwa habari moja, bila kujali uzuri. Miwili ya kwanza karibu kila mara ni mali ya watu wote. Kuanzia wa nne hivi unaanza kulazimika kufikiri, na huko ndiko katuni yako iliko. Ukiwa na saa tatu za kufanya kazi, usione haya kutumia mbili katika kusoma na kuchora hivyo vidogo. Wino unaweza kwenda mbio wazo likishakamilika, lakini wazo halikamiliki kwa mbio za wino.

Kuhusu mpangilio wa mchoro, kanuni yangu ni kwamba msomaji asibahatishe pa kuanzia. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo kitu kinachosababisha kikae upande wa kushoto na matokeo upande wa kulia, isipokuwa una sababu nzito ya kugeuza. Katika mfano wetu, bomba lililopasuka liwe kushoto, nyayo ziliongoze jicho hadi kwa ofisa, na mama mwenye ndoo awe wa mwisho, kwa kuwa ndoo ndiyo jibu. Weusi mzito uuweke pale unapotaka jicho litue, na sehemu nyingine uziachie hewa. Wachoraji wenye mkono mzuri, na nadhani nawe umo, huwa na kishawishi cha kujaza kila pembe kwa matofali, mawingu na mikunjo ya nguo. Kila tofali lisilosaidia hoja linaiba sekunde ya msomaji, na msomaji wa gazeti hana sekunde nyingi.

Nafasi tupu yenyewe yaweza kusema. Mwaka 1890, Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, alipomwondoa kansela wake Bismarck madarakani, John Tenniel wa jarida la Kiingereza la Punch alimchora Bismarck kama rubani wa meli anayeshuka ngazi polepole, mkono ukiwa umeegemea ubavu wa chombo, huku kaiser kijana aliyevaa taji akimtazama kutoka juu, ameegemea ukingo. Hakuna anayepiga kelele wala anayelia. Kilichopo ni mzee anayeondoka, kijana aliyebaki na meli kubwa, na ubavu mpana wa meli kati yao ambao hakuna aliyejaribu kuuvuka. Kama Tenniel angeongeza umati wa watu na bendera, umbali huo ungepotea, na umbali huo ndio uliokuwa hoja yake.

Sasa nije kwenye sura, ambako tayari una uwezo, na ambako kwa hiyo kuna hatari. Kupatia sura si lengo; lengo ni kuitilia chumvi sura katika jambo linalohusiana na hukumu. Masikio makubwa ya mtu hayasemi chochote juu ya uongozi wake, isipokuwa kama hoja yako ni kwamba hasikii. Charles Philipon wa Ufaransa, aliposhtakiwa mwaka 1831 kwa kumdhihaki Mfalme Louis-Philippe, alichora mbele ya mahakama michoro minne, wa kwanza ukiwa sura ya mfalme, kila unaofuata ukiyeyuka kidogo, hadi wa nne ukawa tunda la pea tupu, akauliza ni wapi hasa kosa linapoanzia. Alihukumiwa, lakini pea likaenea Paris nzima, hata kuchorwa kwenye kuta, kwa sababu lilikuwa jepesi kuchorwa na yeyote na lilimfanya mfalme aonekane mzito, mlegevu na asiye na la ajabu. Mwenzake Honoré Daumier alifungwa miezi sita kwa mchoro wa mfalme huyo huyo akimeza mali za maskini. Nakutajia hayo si kwa ajili ya ushujaa wao, bali uone jinsi umbo moja lililochaguliwa vizuri linavyofanya kazi ambayo mistari mia ya uso uliofanana haiwezi.

Alama ya kudumu juu ya mhusika hufuata kanuni hiyo. Zapiro wa Afrika Kusini alianza kumchora Jacob Zuma na bomba la kuogea likiwa limeota kichwani baada ya kesi ya mwaka 2006, ambapo Zuma alieleza mahakamani kwamba alioga ili kupunguza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Gado, mchoraji wa katuni wa magazeti ya Kenya, aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiburuta mpira wa chuma uliofungwa mguuni, wakati kesi zao zilipokuwa The Hague. Alama zote mbili zilitoka kwenye tukio ambalo umma wote ulilijua, zote zilibeba shutuma ndani yake, na zote zilimwezesha mchoraji kuingia katika habari mpya bila kuanza upya kueleza mtu huyu ni nani. Alama haitungwi mezani kwa kutaka iwepo. Unaisubiri habari iitoe, ukiiona unaishika. Unaweza vilevile kuwa na mhusika wako mwenyewe anayeshuhudia mambo kwa niaba ya msomaji. R. K. Laxman wa India alikuwa na mzee wake wa kawaida mwenye koti la mraba-mraba, asiyesema neno, aliyeonekana katika The Times of India kwa miongo mingi. Naji al-Ali, Mpalestina, alimwanzisha mwaka 1969 mtoto wa miaka kumi aitwaye Handala, ambaye baadaye aliwageuzia wasomaji mgongo na kufunga mikono nyuma. Mgongo huo ulikuwa na maana zaidi kuliko nyuso nyingi zilizochorwa kwa ustadi. Mhusika wa namna hii asiwe mchekeshaji wa pembeni anayesema kile ambacho picha imeshindwa kusema. Akigeuka kuwa mfasiri wa katuni zako, mtoe.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha, kwa sababu nguvu ya katuni inategemea imeelekezwa kwa nani. Thomas Nast wa Marekani aliliandama genge la William Tweed lililokuwa likiiba fedha za mji wa New York. Katika Harper's Weekly ya tarehe 19 Agosti 1871 aliwachora wezi hao wamesimama katika duara, na kwa swali la nani aliyeiba fedha za wananchi, kila mmoja anamnyooshea kidole aliye jirani yake. Ile ni katuni kamilifu: sentensi moja, tendo moja, na umbo la duara ambalo halina pa kutokea. Lakini Nast huyo huyo, kwa mkono ule ule, aliwachora Wairishi Wakatoliki wakiwa na nyuso za nyani. Katuni za aina ya kwanza zilishambulia matendo ya watu wenye madaraka ambao wangeweza kuacha kuyatenda. Za aina ya pili zilishambulia watu kwa kuzaliwa kwao. Ukitilia chumvi, tilia chumvi tendo, tamaa, kauli, cheo. Ukijikuta unafikiria pua ya kabila, mavazi ya dini, ulemavu wa mtu au umbo la mwanamke ili katuni yako ieleweke haraka, ujue umekwepa kufikiri na umemwachia chuki ya msomaji afanye kazi yako.

Pamoja na hilo, kagua ukweli wa katuni kama mwandishi anavyokagua habari. Sheria za kashfa hutofautiana nchi kwa nchi, na gazeti lako lina mwanasheria ambaye unapaswa kumfahamu kwa jina, lakini msingi unaopatikana mahali pengi ni kwamba maoni hupata kinga pale yanapojengwa juu ya mambo yaliyo kweli. Ugumu wa katuni ni kwamba picha hudai mambo bila kutumia kitenzi. Ukimchora mkurugenzi na bahasha ikichungulia mfukoni, umesema alipokea rushwa, iwe ulikusudia hivyo au la. Ukimchora amelala juu ya jalada la uchunguzi, umesema amelikalia, na hilo pengine unalo kwenye kumbukumbu za bunge. Kila kitu unachokiweka mkononi mwa mtu ni tuhuma; ujue kabla ni ipi unayoweza kuisimamia.

Si kila siku ni siku ya kuchekesha. Rais Kennedy alipouawa Novemba 1963, Bill Mauldin wa Chicago Sun-Times alichora sanamu ya Abraham Lincoln, ile kubwa iliyokaa kitini huko Washington, ikiwa imeinama na kufunika uso kwa mikono. Hakuna neno hata moja, na hakuna lililohitajika, kwa kuwa rais mmoja aliyeuawa alikuwa akimlilia mwingine. Siku ya msiba wa watu wengi, jiulize tena swali la sentensi: una hukumu yoyote, au una huzuni tu? Huzuni inatosha, mradi uichore kwa utulivu na usiitafutie mzaha. Machozi yanayodondoka kutoka kwenye bendera, ramani au jicho la mbinguni yamechorwa mno. Tafuta kitu kilichomhusu aliyefariki au mahali palipoumia.

Kwa upande wa mhariri, mpelekee michoro midogo mitatu badala ya mchoro mmoja uliokamilika, kila mmoja ukiwa na sentensi yake chini. Mazungumzo yenu yatabadilika mara moja. Badala ya kubishana kama picha ni nzuri, mtakuwa mkijadili kama hoja ni ya kweli na ya haki, na hapo mna lugha moja. Akikataa hoja, muulize ni sehemu gani ya sentensi anayoikataa. Akitaka uongeze lebo, mpe mtu wa tatu katika chumba cha habari mchoro usio na lebo, na mkubaliane kufuata atakachokiona. Akitaka ulaumu pande zote kwa usawa wakati habari ina mkosaji mmoja, simama kwenye sentensi yako kwa heshima. Katuni inayogawa lawama ili kumpendeza kila mtu inakuwa ya uongo hata kama kila mstari wake ni sahihi.

La mwisho ni kishikwambi. Kitakusaidia katika kufuta, kurudia, kupanga rangi na kutuma kazi ukiwa safarini, nami sina sababu ya kukukataza. Hakitakusaidia kujibu swali la mhariri, na kina hatari moja mahususi kwa mtu wa mkono wako: unaweza kuvuta mchoro karibu na kuchora kope za macho kwa saa nzima, kope ambazo hazitaonekana gazetini. Karatasi ya gazeti hufyonza wino, mistari myembamba hukatika, na vivuli huiva zaidi ya ulivyoviona kwenye kioo, kwa hivyo kivuli cha wastani kinaweza kutoka kama weusi. Ukichora kwa mkono, chora kwa ukubwa wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya nafasi utakayopewa, kisha skani mistari kwa doti 600 kwa inchi au zaidi, na vivuli kwa 300. Ukichora kwa kishikwambi, anza faili kwa vipimo hivyo hivyo tangu mwanzo, maandishi na mistari yawe ya rangi nyeusi peke yake, isiyochanganywa na rangi nyingine za uchapaji, la sivyo rangi zikipishana kidogo mashineni herufi zitakuwa na kivuli. Kabla ya kutuma, punguza mchoro hadi ukubwa wa safu ya gazeti, uchapishe kwenye karatasi ya kawaida, uutazame kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kisha uutazame kwenye simu, kwa kuwa wasomaji wako wengi watauona huko. Ndoo ikionekana, bili ikionekana, na matone yakionekana, tuma.